Kibati cha Arobaini na Moja

Lori lilikuwa limeshatoka getini na bawa limelala mgongoni mwake, ndani ya sanduku refu la mbao, na wafanyakazi wa karakana ya Bersanetti walikuwa bado wamesimama uani wameinua mikono ya kushoto. Ndiyo desturi yao. Bawa likiondoka hakuna hotuba wala makofi. Kila mtu huinua mkono wa kushoto mpaka lori likate kona ya kanisa, kisha huushusha na kwenda kula keki.

Mkono ni wa kushoto kwa sababu ndege ile ya vita ni ya nchi nne, na kila nchi imepewa kipande chake. Bawa la kulia linatengenezwa Uhispania. La kushoto ni la Waitalia, na hufungwa hapo Borgo Sturella, mji wa watu elfu tatu chini ya milima, katika karakana ambamo zamani walitengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Wazee wa Kiswahili husema mkono wa kulia ni wa kiume na wa kushoto ni wa kike. Borgo Sturella hawaujui msemo huo, ila wanauishi: zaidi ya nusu ya mafundi ni wanawake, maana ndani ya bawa kuna vyumba ambavyo mkono wa mwanamume haupiti.

"Bi Ornella, shusha mkono!" alisema Severino, mtunza vifaa. "Lori limeshafika Milano."

"Niache. Mia mbili na kumi na mbili si haba."

"Ukiendelea hivyo utadhaniwa unaomba ruhusa ya kwenda chooni."

Watu wakacheka. Ornella Vaschetto naye akacheka, akaushusha. Alikuwa na miaka hamsini na minne, fundi wa ribiti, zile pini za chuma zinazounganisha mabati ya bawa, kwa miaka ishirini na tisa, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mchukuzi. Bawa likiondoka kazi huisha mapema, lakini siku hiyo ya Alhamisi ilikuwa zamu yake kufuta vifaa. Wenzake wakaenda zao na keki kwenye karatasi. Yeye akachukua kitambaa na spiriti, akasimama mbele ya ubao wa vivuli.

Ubao huo ndio msahafu wa karakana. Kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi, na hutundikwa juu ya kivuli chake. Ukichukua kifaa, unaacha mahali pake kibati cha shaba chenye namba yako. Ukikirudisha, unachukua kibati chako. Bawa halifungwi mpaka ubao ujae na kila kibati kirudi mfukoni mwa mwenyewe, maana kifaa kilichosahaulika ndani ya bawa siku moja kitaamka hewani. Wana neno lao pale, hulisema kama salamu: kibati ni mtu. Kuazima kibati ni kuazima jina, na hilo halifanywi.

Alifuta nyundo, akafuta koleo, akafika kwenye kile kioo kidogo cha duara chenye mpini mrefu, kama cha daktari wa meno, ambacho hutumika kutazama nyuma ya mbavu za bawa. Akakipulizia pumzi, akakifuta, akakitazama.

Hakujiona.

Fremu ilikuwepo, mpini ulikuwepo, lakini kioo chenyewe, duara lenye ukubwa wa sarafu, hakikuwepo. Kilikuwa kimebanduka. Ubao ulikuwa umejaa, hesabu ilikuwa sawa, Severino alikuwa amesaini. Na kilichotundikwa pale kilikuwa fremu tupu.

Alipiga magoti akatazama chini ya meza. Alimwaga mfuko wa takataka sakafuni akauchambua kwa vidole, chuma kwa chuma. Mwisho akafungua daftari la vifaa. Kioo cha mpini kilichukuliwa mara moja tu wiki ile, Jumanne, kazi ya chumba cha tisa ndani ya bawa. Kibati: arobaini na moja.

Arobaini na moja ilikuwa namba yake. Lakini Jumanne yeye hakugusa kioo. Jumanne alikuwa amemwazima mwanawe kibati kimoja.

*

Nyumbani Ilario, mume wake, alikuwa anasonga polenta, ule ugali wao wa mahindi wa manjano. Ilario naye alipiga ribiti kwa Bersanetti mpaka vidole vikafa: mtetemo wa mashine ulikuwa umeifukuza damu, sasa ni vyeupe kama mishumaa. Kifungo cha shati alifungiwa. Mwiko aliushika kwa viganja viwili.

"Mbona umepauka hivyo?" akamwuliza mkewe. "Bawa limeanguka njiani?"

Ornella aliifungua leso, akaiweka ile fremu mezani.

"Jitazame."

Ilario akainama. Akageuza kichwa huku na huku. "Kioo kiko wapi?"

"Ndilo swali."

Nives, binti yao, alikuwa amesimama karibu na mlango, anapiga brashi koti jipya la bluu. Lilikuwa la kesho. Miaka mitatu alikuwa mfanyakazi wa muda, mikataba sita ya miezi sita sita, na kesho, Ijumaa saa nne, Mhandisi mwenye karakana angesaini karatasi ya kazi ya kudumu. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mikono myembamba kama fito, tena wa kushoto ndio bingwa wake. Alipoona kilicho mezani aliliacha koti.

"Hicho nilikirudisha, mama. Jumanne ileile. Nilikitundika kwa mkono wangu."

"Ulikitazama?"

"Nilikitundika."

"Sikuulizi ulikitundika. Nakuuliza ulikitazama?"

Polenta ikatoa povu, ikapasuka, puu.

"Karibuni mezani kwanza," alisema Ilario. "Kioo hakina miguu."

"Lori limeegeshwa mjini Santhià," alisema Ornella. "Linasubiri pikipiki za kulisindikiza. Saa tisa linaondoka. Likishavuka mpaka wa Brennero, likatoka Italia, kulirudisha ni kazi ya mawaziri."

"Basi si mambo yamejipanga yenyewe? Kesho mtoto anasaini. Jumatatu wewe unafuta vifaa, lo, unagundua kioo hakipo. Jumatatu nayo si siku?"

"Jumatatu Wajerumani wanalifunga kwenye ndege."

"Watalikagua! Wale watu hukagua mpaka kivuli."

"Watakagua karatasi yetu, Ilario. Na karatasi yetu inasema ubao umejaa. Mle ndani hukaa mafuta. Kioo kinaogelea, kinafika kwenye mdomo wa bomba, kinakaa pale kama kizibo. Unajua, umekaa mle miaka thelathini."

"Najua," alisema Ilario. Akauacha mwiko. "Mjerumani atakayeirusha ndege hata jina lako halijui."

"Halijui. Lakini anapanda. Unadhani anapanda kwa kuamini chuma? Anapanda kwa kuwa anaamini mahali fulani kuna mtu aliyehesabu."

Nives akacheka, kicheko kikavu. "Miaka mitatu, mama. Ovaroli la kijivu ili kila mtu ajue ni wa muda. Foleni ya chakula nyuma ya wote, nafika nyama imekwisha. Ninyi mnapewa vibati vinane, sisi vitano, kama vile kazi yetu ina vifaa vichache! Nikitaka kifaa cha sita niteremke, nitembee mpaka kwenye ubao, nirudishe kimoja, nipande tena, na msimamizi ananipigia saa. Ndiyo maana nilikuomba. Na leo, nimebakiza siku moja, siku moja tu, ndipo unakwenda kujitazama kwenye kioo!"

"Nitasema ni mimi."

"Utasema nini?"

"Namba ni yangu. Kibati ni mtu. Maneno ya karakana hayo, siyo yangu. Wewe kesho vaa koti lako."

"Utadanganya ili useme kweli," alisema Ilario. "Ornella, umekuwa wakili lini?"

Ornella alikuwa ameshaikunja leso. Alitoka na makubazi ya nyumbani miguuni, na hakuna aliyemwambia.

*

Mhandisi Ermete Bersanetti alikuwa akiwakirimu wakaguzi wa nchi za nje katika mgahawa wa Posta. Mhudumu alimzuia Ornella kwenye zulia la mlangoni, akayatazama makubazi.

"Bi Ornella, jikoni ni mlango wa nyuma."

"Sikuja kuosha vyombo, mwanangu. Nipishe."

"Kuna wageni—"

"Hao hao ndio ninaowatafuta."

Mezani walikuwa watano. Mhandisi, mzee wa miaka sabini na mbili mwenye tai ya kufuma, alikuwa amemgeukia mkaguzi mkuu, Mjerumani mrefu aitwaye Bi Wiebke Ahlers, aliyekuwa anakijua Kiitalia cha kutosha kucheka mahali panapostahili. "Mabawa mia mbili na kumi na mawili," Mhandisi alikuwa anasema, "na hakuna hata moja, Bi Ahlers, hata moja, lililowahi kurudi—"

"Mhandisi, samahani," alisema Ornella. "Jitazame."

Akamnyoshea kioo kwa mpini. Mhandisi alidhani ana mchuzi kidevuni. Alichukua kitambaa akajifuta kwanza, upande huu na upande huu, wageni wakatabasamu, kisha ndipo akainamia kioo. Akakaa hivyo. Tabasamu za wageni zikaisha moja moja, na yeye bado ameinama anatafuta uso wake.

"Chumba cha ngapi?" aliuliza, polepole.

"Cha tisa. Kwenye takataka hakipo, nimezichambua."

"Nani?"

"Arobaini na moja."

"Wewe? Ornella, wewe?"

"Kibati ni mtu, Mhandisi."

"Kibati ni cha mama," ilisema sauti nyuma yake. "Mkono ni wangu."

Nives alikuwa amesimama penye zulia na ovaroli lake la kijivu, anahema. Alikuwa amepanda mlima wa Posta mbio. Hakumtazama mama yake. Mama yake naye alifumba macho, kama mtu aliyeona bilauri ikiteleza mezani na yuko mbali.

Mzee aliwatazama wote wawili. "Kioo hubanduka," alisema. "Gundi ni gundi. Hata baba yangu aliacha spana ndani ya mashine ya kupura ngano. Lakini kibati..." Akamgeukia Ornella. "Mliazimana kibati?"

"Ndiyo," alisema Ornella.

Hilo ndilo lililomwuma. Wote pale waliliona, hata Bi Ahlers asiyejua kibati ni kitu gani. Mhandisi alikunja kitambaa chake sawasawa, akakiweka kando ya sahani, akatoa simu. Hakwenda pembeni. Alipiga palepale, wageni wanasikia.

"Gaspare, uko wapi?... Santhià. Kahawa umelipia?... Basi iache. Geuza."

Simu ikakoroma kitu.

"Umeuliza nigeuze nini! Bawa, Gaspare. Geuza bawa."

Akaikata. Akamwambia Bi Ahlers kwamba analazimika kuikana ile sentensi ambayo alikuwa bado hajaimaliza: bawa moja linarudi. Mkaguzi akasimama, akachukua koti lake.

"Naweza kuja kutazama?" aliuliza. Haikuwa ombi.

*

Lori lilipotokea kona ya kanisa likiwa linakuja badala ya kwenda, watu wa Borgo Sturella walitoka kwenye vibaraza vyao. Hawakupigiwa simu, na king'ora hakikulia. Waliliona sanduku, wakaelewa, wakarudi ndani kuvaa ovaroli. Mpaka Gaspare anaegesha, watu zaidi ya sitini walikuwa getini, mmoja bado ana povu la kunyolea shavuni, na katika wote hao hakuna aliyeuliza kosa ni la nani. Nimepita viwanda vingi katika nchi nyingi, na swali hilo huwa la kwanza. Pale waliuliza, "Chumba gani?"

Walilishusha bawa kwa winchi, wakalilaza juu ya matandiko. Chumba cha tisa kina kifuniko cha skrubu themanini na sita. Walizifungua wanne wanne, na kila skrubu ikawekwa kwenye trei yenye shimo lake na namba yake. Bi Ahlers alisimama kando, mikono mfukoni.

Severino alikuwa kwenye ubao. Alikuwa amezeeka kwa saa tatu. "Kibati," alimwambia kila aliyekuja. Akakipokea, akakisoma kwa sauti kubwa, akatoa kifaa. Alipofika Nives alisita.

"Kibati?"

"Hiki."

"Kumi na mbili, wa muda!" akasoma Severino, maana ndivyo ilivyoandikwa.

Akachukua tochi. Akarudi akachukua bisibisi. Kilipofika kifaa cha sita, hakuwa na kibati tena. Akateremka kwenye jukwaa, akavuka karakana nzima, akarudisha tochi, akachukua waya wa ndoana, akavuka tena, akapanda. Baadaye aliihitaji tochi. Akateremka tena. Mara ya nne watu walikuwa wameacha kuongea. Zilisikika hatua zake tu juu ya sakafu ya saruji, na Mhandisi Bersanetti, aliyekuwa amevua tai na kushika trei ya skrubu kama mwanagenzi, alimfuata kwa macho kwenda na kurudi.

Chumba cha tisa kilikuwa kitupu. Walimulika, wakapapasa, hakuna kitu. Kutoka hapo kioo kingeweza kupenya tundu la ubavu kwenda cha nane au cha kumi, na mbele zaidi. Kufungua vyote ni wiki mbili.

"Mliinamishe," alisema mtu mlangoni.

Alikuwa Ilario, shati halijafungwa vifungo.

"Mliinamishe pua chini, polepole. Nyamazeni. Zimeni na hilo feni."

Akaenda akaweka sikio kwenye ngozi ya bawa. Vidole vyake havikuweza tena kuhisi kitu. Alilikumbatia bawa kwa mikono yote miwili ili asimame imara. Winchi ikashuka kidogo. Hakuna kitu. Ikashuka tena. Ndani ya bawa kitu kikateleza, tiki, tiki, kama punje moja ya mahindi iliyobaki kwenye kibuyu.

"Cha kumi na moja," alisema Ilario. "Kona ya chini. Hapa."

Tundu la kufikia cha kumi na moja ni dogo kuliko kikombe cha chai. Hakuna aliyemwambia Nives. Alikunja mkono wa ovaroli, akaondoa saa, akaingiza mkono wa kushoto mpaka kwapani, shavu limegandamizwa kwenye chuma, macho yamefumba. Mama yake alimshika kiuno ili asiteleze. Walikaa hivyo muda ambao hakuna aliyeupima. Kisha mkono ukaanza kutoka, kiwiko, kifundo, na kati ya vidole viwili kulikuwa na duara la kioo lisilo na hata ufa.

Mhandisi alilipokea kiganjani. Alijitazama. Safari hii alijiona.

"Sitasaini kesho," alimwambia Nives.

"Najua, Mhandisi."

"Si kwa ajili ya kioo."

"Najua."

"Na wewe, Ornella, kesho niletee vibati vyako vyote."

Ornella hakungoja kesho. Alivitoa mfukoni palepale, vinane, akavihesabu kwa sauti mbele ya watu, akavimimina kiganjani mwa mzee juu ya kile kioo. Kisha akamfunga mumewe vifungo vya shati, na wote watatu wakaenda nyumbani kula polenta iliyokuwa imeshakuwa jiwe.

*

Bawa la mia mbili na kumi na mbili liliondoka tena Jumatatu, siku nne baada ya tarehe yake. Watu waliinua mikono kama kawaida. Karakana ililipa faini ya ucheleweshaji.

Bi Ahlers aliandika ripoti ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulitaja makosa yote, la kioo, la kibati na la saini. Wa pili ulieleza yaliyofuata kati ya saa saba na nusu mchana na machweo. Mwaka uliofuata, zilipogawanywa kazi za ndege mpya, karakana ya Bersanetti ilipewa mbavu za bawa la kushoto, na za bawa la kulia pia.

Severino alistaafu kabla ya Krismasi kwa kutaka mwenyewe. Siku hizi anafuga nyuki. Gaspare bado anaendesha lori na bado anaidai karakana kahawa moja.

Ornella aliondolewa kwenye ribiti, akawekwa stoo ya skrubu miaka miwili iliyobaki, na mshahara ukapungua. Alikwenda kila siku, kwa wakati. Ilario alikufa majira ya baridi ya pili, kwa mapafu. Mafundi sitini walilifuata jeneza, na kwenye kona ya kanisa waliinua mkono wa kushoto.

Mkataba wa Nives uliisha bila karatasi nyingine. Aliuza mikate miezi minane. Kisha Mhandisi alimwita, akasaini bila maneno mengi, akampa ovaroli la bluu na ufunguo wa ubao wa vivuli. Yeye ndiye mtunza vifaa sasa. Jambo la kwanza kubadilika lilikuwa la vibati: kila mtu hupewa vinane, wa kudumu na wa muda.

Mfanyakazi akistaafu pale, hupewa kibati kimoja cha namba yake aende nacho nyumbani. Ornella hakupewa. Cha arobaini na moja kimepigiliwa msumari kwenye ubao, mahali pa kioo cha mpini, na pembeni yake inaning'inia ile fremu tupu. Mgeni akiajiriwa, Nives humpeleka pale siku ya kwanza, humpa fremu aishike, humwambia, "Jitazame," kisha huenda kuendelea na kazi yake.